Figo Hazifanyi Kazi Peke Yake



Tukiuliza vikundini ni nini hutoa uchafu mwilini, wengi hujibu upesi: figo. Ni kweli. Lakini figo ni kama mwekahazina. Hawezi kuendesha kikundi peke yake. Mapafu hutoa hewa chafu kila tunapopumua. Ngozi hutoa jasho, lenye chumvi na uchafu kidogo, ingawa kazi yake kubwa ni kuupoza mwili. Utumbo mpana husukuma nje mabaki ya chakula.

Leo tukae na ini. Damu kutoka matumboni hupitia huko kwanza, ikibeba chakula, dawa, pombe na hata sumu. Ini huvunja sumu nyingi. Hugeuza taka za protini kuwa urea, ndipo figo ziitoe kwa mkojo. Taka za damu iliyozeeka huzitia kwenye nyongo, zitoke na choo. Ini likilemewa, macho huwa ya manjano na mkojo hukolea kama chai ya rangi. Ukiona hivyo usingoje, enda hospitali.

Tunasema haya kwa sababu ya mahindi. Mwaka wa 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa. Walikula mahindi yaliyoota kuvu. Sumu yake, aflatoksini, hushambulia ini, na moto wa jikoni hauiondoi, iwe ni ugali au githeri. Ukimpa ng'ombe, sumu huingia kwenye maziwa.

Basi tufanye nini? Tuanike mahindi juu ya turubai, si udongoni. Kabla ya kuyaweka stoo, tia mahindi kidogo na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, funga, tikisa, ngoja dakika kumi na tano. Chumvi ikishika kwenye chupa, hayajakauka, rudisha juani. Magunia yakae juu ya mbao.

Tunajua kutupa debe la mahindi wakati wa njaa kunauma sana. Lakini yenye kuvu tusiyale, tusiyauze, wala tusiyapikie busaa. Kumzika mtoto kunauma zaidi.

Jadilini kikundini: Stoo yetu ikoje? Nani atapima mahindi ya kila mwanachama kabla hayajapokelewa?