Kata mti, panda nyasi

Msikilizaji mpenzi, juma hili nataka tuzungumze kuhusu nyasi. Huenda wengine wenu mkauliza: nyasi nazo zina habari gani? Basi mwulizeni mfugaji wa Marigat, katika kaunti ya Baringo. Kwake nyasi ni maziwa ya watoto, ni karo ya shule, na ndizo zinazoamua kama ng'ombe wake watauona msimu mwingine wa mvua.

Mwaka 2006 wakazi wa Ng'ambo, karibu na Ziwa Baringo, waliishtaki serikali katika Mahakama Kuu mjini Nairobi. Miongoni mwa ushahidi wao alikuwa mbuzi asiye na meno. Wako waliocheka, lakini kwa mwenye mbuzi haikuwa kichekesho. Mnyama yule alikuwa amekula maganda matamu ya mti uitwao mathenge, na sukari ya maganda hayo huozesha meno. Mbuzi asiye na meno hata akiona majani atayatafunaje?

Mathenge si mti wa kwetu. Asili yake ni Amerika, na Baringo uliletwa miaka ya 1980 kwa nia njema. Nchi ilikuwa imekauka, kuni zilikuwa haba na vumbi lilitawala. Mti ukaota, vumbi likapungua, kuni zikapatikana. Kosa ni kwamba haukukaa pale ulipopandwa. Mifugo hula maganda, mbegu hupita tumboni bila kusagika, kisha hutoka pamoja na samadi zikiwa tayari kuota. Hivyo mbuzi na ng'ombe wetu wenyewe ndio waliogeuzwa wapanzi wake.

Watafiti waliochunguza picha za setilaiti walikuta kwamba mwaka 1988 mathenge ulikuwa umefunika hekta 882 Baringo. Kufikia mwaka 2016 zilikuwa hekta 18,792. Sehemu kubwa ya nchi iliyomezwa ilikuwa malisho. Serikali nayo ilikuwa imekwisha kuutangaza rasmi kuwa gugu hatari mwaka 2008.

Basi tufanyeje? Jibu la wengi ni moja: tuchukue mapanga tukate. Hapo ndipo ninapotaka tutulie kidogo, kwa sababu kukata ni sehemu ndogo ya kazi. Ukiukata mathenge juu ya ardhi, kisiki hakifi. Hutoa machipukizi mengi, na badala ya mti mmoja unapata kichaka. Ni lazima uchimbe na kuukata chini ya ardhi, pale shina linapokutana na mizizi. Hata ukifanya hivyo, udongo umejaa mbegu zinazongoja mvua. Uwanja ulioachwa mtupu ni kama nyumba iliyoachwa mlango wazi. Wa kwanza kuingia atakuwa yule yule uliyemfukuza.

Dawa ya uwanja mtupu ni kuuvika nguo yake ya asili, yaani nyasi za kwetu. Jambo hili si ndoto. Huko huko Baringo, tangu mwaka 1982, shirika la Rehabilitation of Arid Environments limekuwa likishirikiana na wenyeji kurudisha nyasi katika mashamba yaliyokuwa udongo mtupu. Zipo nyasi kama ile ambayo wataalamu huiita Cenchrus ciliaris, na nyingine waiitayo Eragrostis superba. Hizi zimezaliwa katika ukame. Mvua ikikosekana hukauka juu, lakini mizizi hubaki hai ikisubiri.

Kazi yenyewe ina utaratibu wake. Kwanza, mbegu iliyovunwa jana haioti vizuri, kwa kuwa bado imelala. Ihifadhiwe miezi kadhaa mahali pakavu penye hewa. Pili, ardhi ipasuliwe kwa jembe la ng'ombe, mifereji ikikingama na mteremko ili maji yasimame. Tatu, mbegu zipandwe kabla ya mvua, na zisifukiwe sana. Ni ndogo mno, zikizikwa ndani hazina nguvu ya kuchomoza. Udongo mwembamba wa kuzifunika unatosha.

Kisha inakuja palizi. Miche ya mathenge itaota pamoja na nyasi, na ni lazima ing'olewe ikiwa michanga, udongo ukiwa bado na unyevu, kabla mizizi haijazama. Kazi hii hairudiwi mara moja tu, bali mwaka wa pili na wa tatu. Nyasi zikishashona, zenyewe huanza kusaidia, kwa kuwa zinaunyima mche wa gugu mwanga na maji.

Lakini sehemu iliyo ngumu kuliko zote haihitaji jembe wala panga. Ni kufunga malisho. Uwanja uliopandwa lazima upumzike mpaka nyasi zishike mizizi na kuangusha mbegu zake. Hebu fikiria, mzee wangu, mbuzi wako wanalia njaa, na ng'ambo ya ua unaona majani mabichi. Nani atakuzuia? Ua wa miiba hautoshi. Kinachozuia ni mapatano: wazee, akina mama na vijana wamekaa chini na kukubaliana nani ataingiza mifugo, lini, na nani atakata nyasi za kuuza. Pasipo mapatano hayo, msimu mmoja wa pupa utaangamiza jasho la miaka mitatu.

Kwa hiyo, kiongozi atakapokuja kijijini kwenu kuzindua kampeni ya kung'oa mathenge, mpigieni makofi, lakini mwulizeni maswali matatu. Mbegu za nyasi ziko wapi? Nani atalipwa kupalilia mwakani? Na nani aliyekubali kuwazuia mbuzi wake? Asipokuwa na majibu, jueni kwamba amekuja kupigwa picha akiwa na panga mkononi, na baada ya mvua mbili kichaka kitarudi.

Tangu utotoni tumefundishwa: kata mti, panda mti. Huko Baringo wafugaji wana sababu nzuri ya kusema: kata mti, panda nyasi, kisha uzilinde.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, kwaherini.