Nairuzi na Imani ya Miaka Saba

Mwaka wa Nairuzi una siku 365: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada. Majuma 52 yakitolewa, hubaki siku moja. Kwa hiyo Siku ya Mwaka ikiangukia Jumatatu, mwakani huwa Jumanne, na baada ya miaka saba Jumatatu hurejea. Kwa jina la siku hiyo wajuzi waliagua mvua na maradhi. Huo ni mzunguko wa hesabu. Mvua haifuati juma. Hata hivyo, tusiubeze. Katika hesabu hiyo mwongo ni siku kumi, si miaka kumi kama tusemavyo leo. Asiyelijua hilo atamfanya baharia wa kale angoje upepo miaka ishirini.