Damu Isiyo na U

Wengi wetu tukiulizwa kundi la damu tunajibu A, B, AB au O, basi. Kumbe chembe nyekundu za damu zina alama nyingine nyingi, na baadhi zilijulikana kwa msiba.

Mwaka 1953 huko Marekani, Dkt. Alexander Wiener na wenzake waliandika habari za mwanamke mweusi aliyefariki baada ya kuongezewa damu. Mwili wake ulikuwa umekwisha kutengeneza askari wa kupigana na alama ambayo yeye hakuwa nayo. Walipopima watu wengine, karibu kila mtu alikuwa nayo. Wakaiita U, yaani ya wote.

Lakini si wote. Wasio nayo ni wachache, na karibu wote ni wa asili ya Kiafrika, yaani sisi na jamaa zetu wa ng'ambo. Mgonjwa akishakuwa na askari hao, hawezi kupewa damu ya yeyote tu. Atafutiwe mwenziwe asiye na U, ambaye huenda yumo kikundini kwenu naye hajijui.

Askari hao huzuka mtu akiongezewa damu au akibeba mimba. Kwa hiyo mama, ukifika hospitali na unahitaji damu, usingoje kuulizwa: sema umezaa mara ngapi, na kama uliwahi kuongezewa.