Oraba kati ya jua na radi

Machi 2024, Sudan Kusini ilifunga shule zote kwa hofu ya joto la nyuzi 45. Ukitoka Oraba, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na kuvuka mpaka, uko Kaya, ndani ya Sudan Kusini hiyo hiyo. Na jua halipiti forodhani.

Mvua nayo ikianza, haibembelezi. Agosti 2020, huko Arua, upande wa Uganda, watoto waliokuwa wakicheza mpira walikimbilia kibanda kujikinga. Radi ikaua 10. Novemba 2024 ikaua watu 14 waliokuwa kwenye ibada katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, wilayani Lamwo. Mara zote mbili waathirika walikuwa wamejisitiri, na hapo ndipo penye kasoro: paa huzuia matone, lakini bila waya wa kuipeleka radi ardhini halizuii umeme. Waya huo ungestahili kuwa wa kwanza kwenye orodha ya vifaa vya kila shule na kanisa.

Mwezi huohuo wa Novemba 2024, mto Tangi ulifurika na kuikata barabara ya Karuma kwenda Pakwach. Lami ya Vurra hadi Oraba, kilomita 92, haikulifaa kitu lori la kwenda Oraba lililokwama ng'ambo ya Nile.