Usiniite Jina kwa Sauti

Mwaka 2025 ulipoanza, vituo vingi vya afya vya serikali nchini Kenya vilijikuta vikifungua kliniki mpya bila kujiandaa. Januari 20 mwaka huo, Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje. Kliniki za wanaoishi na virusi vya HIV, zile tulizozoea kuziita CCC, nyingi zikakosa fedha za kuwalipa wahudumu, na Wizara ya Afya ikaagiza huduma hizo ziunganishwe na za wagonjwa wa kawaida. Mtu aliyekuwa na chumba chake, muuguzi anayemjua na siku yake ya kuchukua dawa, akahamishiwa kwenye benchi moja na mwenye kikohozi na mama aliyepakata mtoto mwenye homa.

Sipingi kuunganishwa kwa huduma. Nchi haiwezi kuendelea kutibu watu wake kwa mfuko wa wengine milele. Kinachonisumbua ni jinsi tunavyoanza. Kliniki ya HIV, ya magonjwa ya zinaa au ya upangaji uzazi, iwe ni jengo jipya au ni mpangilio mpya ndani ya jengo la zamani, sifa yake hujengeka au huharibika katika wiki chache za mwanzo. Na katika wiki hizo, watu hawaulizi sana kama dawa zipo. Wanauliza ni nani atakayeniona nikiingia, na ni nani atakayesikia nikisema.

Ichukue Mau Narok, huku Njoro, Kaunti ya Nakuru. Kule juu, zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, kwenye baridi, viazi, ngano na njegere, senta ni ndogo na watu wanajuana. Mwenye duka anamjua mwalimu, mwalimu anamjua mzee wa kanisa, na mwenye bodaboda anawajua wote. Viazi vikianza kuvunwa, malori na mabroka wanapanda, vibarua wanakuja kutoka mbali na kukodi vyumba, na pesa inazunguka usiku na mchana. Haja ya kliniki ya aina hii ipo, wala haihitaji kutafutwa. Ukivuka mpaka tu umeingia Kaunti ya Narok, ambako utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta wasichana 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Wastani wa taifa ulikuwa 15.

Sasa tazama asubuhi ya kawaida kwenye kituo cha senta kama hiyo. Dirisha la usajili linaangalia benchi. Kijana anainama, na kutoka ndani anaulizwa, "Una shida gani?" Anayeuliza hana nia mbaya, ana foleni inayofika getini. Lakini nyuma ya kijana amekaa jirani ya mama yake. Kijana huyu ana siku kadhaa anaumia kila anapokojoa. Anajibu, "Kichwa." Anaandikiwa Panadol. Anarudi nyumbani na kisonono chake, na huyo hatumwoni tena, maana ameshawaambia wenzake kule hakuna siri.

Mwanamke naye mara nyingi haoni dalili yoyote. Klamidia inaweza kukaa mwilini kimya mpaka iharibu mirija ya uzazi. Kaswende ya mama mjamzito humfikia mtoto tumboni, ilhali sindano ya penisilini ya benzathini, ambayo ni dawa ya zamani na ya bei nafuu, inaikomesha. Vituo vyetu vingi havina maabara ya kuchunguza kila ugonjwa, kwa hivyo mhudumu hutibu kwa kufuata dalili anazoelezwa. Hebu fikiria hilo. Matibabu yote yanategemea maneno ya mgonjwa, halafu tunamtaka ayaseme dirishani mbele ya kijiji kizima!

Dawa nazo zina mambo yake. Ghala la kituo likiwa tupu, mgonjwa anapewa karatasi aende duka la dawa. Mwenye kulipwa kwa siku hununua nusu ya vidonge, dalili zikipungua anaacha, na vimelea vinavyobaki hujifunza kuistahimili dawa. Mwenzake wa nyumbani hakutibiwa kabisa. Baada ya wiki chache wameambukizana upya. Na huyo wa kulipwa kwa siku alifikaje kliniki? Kibarua wa viazi yuko shambani kabla kliniki haijafunguliwa, na akitoka imefungwa. Kuja kwake ni kupoteza mshahara wa siku.

Kuna jambo moja ambalo lingepaswa kubandikwa kwenye kila mlango. Msichana wa miaka 16 anakuja kupimwa HIV, anaambiwa, "Nenda uje na mama." Sheria ya kuzuia na kudhibiti HIV na UKIMWI ya mwaka 2006 inataka idhini ya mzazi kwa mtoto, ndiyo, lakini inamruhusu mtoto kutoa idhini mwenyewe ikiwa ni mjamzito, ameolewa, ni mzazi, au ana mwenendo unaomweka katika hatari ya kuambukizwa. Huyo anayerudishwa nyumbani huenda ndiye hasa sheria ilimfikiria.

Tumewahi kulifanya hili vizuri hapa hapa Kenya. Miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada vilifanya kazi na wanawake waliokuwa katika biashara ya ngono huko Majengo, Pumwani. Muuguzi Elizabeth Ngugi, ambaye baadaye alikuwa profesa, aliwaitisha baraza akakaa nao, na wanawake wenyewe wakawa waelimishaji wa wenzao. Mwaka 1988 yeye na wenzake walichapisha matokeo katika jarida la Lancet: matumizi ya kondomu yalikuwa yamepanda. Watu waliodharauliwa na kila mtu walikwenda kliniki kwa sababu huko waliheshimiwa.

Kwa hivyo naiambia idara ya afya ya kaunti, na kamati za vituo vya Njoro yote: mpeni mgonjwa namba, msimwite jina. Swali la "una shida gani" liulizwe ndani, mlango ukiwa umefungwa. Fungueni jioni mbili kwa wiki wakati wa mavuno. Wahamasishaji wa afya ya jamii wafundishwe kunyamaza kama wanavyofundishwa kupima presha. Tangu 2023 kuna sheria inayowezesha vituo vya umma kubaki na mapato yao na kuyatumia, na ukuta wa mbao wa kugawa chumba si mradi wa kumsubiri gavana aje kukata utepe.

Wewe wa Mau Narok, kikao cha maoni ya bajeti kikifika kwenye wadi yako, wenzako watauliza barabara, nao wana haki. Simama nawe uulize dirisha la usajili linaangalia wapi, na kama kuna mlango wa pili.