Mzizi Uliodharauliwa

(Mahubiri mafupi ya redio. Masomo: Yohana 15:1–8, Isaya 53:1–3)

Ikiwa umeketi nyumbani ukingojea chai, au uko njiani kwenda zamu ya kiwandani, karibu tulitafakari Neno la Mungu pamoja kwa dakika chache.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2018, katika mji wa New York huko Marekani, chupa moja ya divai nyekundu ya Ufaransa iliuzwa kwa mnada. Mnunuzi alilipa dola 558,000. Kwa fedha zetu za wakati ule hizo zilikuwa zaidi ya shilingi milioni 55. Chupa yenyewe ni ya kipimo cha kawaida. Ukiimimina utapata bilauri sita hivi. Yaani kila bilauri moja iligharimu zaidi ya shilingi milioni 9.

Huenda msikilizaji wa hapa Baba Dogo akauliza, "Habari hizo zatuhusu nini?" Sisi twaijua harufu ya kimea itokayo Ruaraka, ambako bia imepikwa tangu mwaka 1922. Twajua pia, kwa huzuni, kileo cha bei ya chini kabisa. Mwezi wa Novemba mwaka 2000, zaidi ya watu 100 walikufa upande huu wa mashariki wa Nairobi, wengi wao katika mitaa ya Mukuru, na wengine wakapofuka macho, kwa kunywa pombe iliyotiwa spiriti ya sumu. Pombe hiyo watu waliiita kumi kumi, kwa kuwa bilauri yake iliuzwa shilingi 10. Basi kuna kileo cha shilingi 10, na kuna kileo cha shilingi milioni 55. Sisemi haya ili kukisifu hata kimoja. Ninayo sababu nyingine. Shamba lililotoa divai ile ya bei kuu lilipatwa na jambo ambalo kila Mkristo angefaa kulijua, kwa maana ni mfano wa wokovu wetu.

Shamba hilo huitwa Romanée-Conti. Liko katika kijiji cha Vosne-Romanée, katika jimbo la Burgundy. Ni dogo ajabu. Ukubwa wake haufiki eka tano. Zamani lilikuwa mali ya watawa wa Saint-Vivant. Mwaka 1760 lilinunuliwa na mtu mkuu wa ukoo wa kifalme, Prince wa Conti, na jina lake likabaki hapo. Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuja, shamba lilinyang'anywa likauzwa kwa wengine. Mabwana walibadilika, lakini mizabibu ilibaki, na sifa yake ikazidi kuenea. Kando ya ukuta wake umesimama msalaba wa mawe hata leo.

Sasa sikilizeni. Katika miaka ya 1860, mizabibu ya kusini mwa Ufaransa ilianza kufa, na hakuna aliyejua sababu. Majani yalinyauka, mashina yakakauka, na ugonjwa ukaenea kutoka shamba hadi shamba. Mwaka 1868 mtaalamu wa mimea aitwaye Planchon alitumwa na wenzake kuchunguza. Walichimba mizizi ya mizabibu iliyokufa, wasione kitu. Ndipo walipochimba mizizi ya mizabibu iliyokuwa bado na majani mabichi, wakakuta maelfu ya wadudu wadogo wa rangi ya manjano, wakinyonya. Wadudu hao, waitwao filoksera, walikuwa wametoka Amerika, wakisafirishwa pamoja na miche. Wakisha kuumaliza mti mmoja huuacha, wakahamia ulio hai. Kwa hiyo aliyetaka kumwona adui ilimpasa kuchimba chini ya mti uliopendeza kwa macho.

Hasara ilikuwa kubwa mno. Mwaka 1875 Ufaransa ilitoa zaidi ya lita bilioni 8 za divai. Kufikia mwaka 1889 haikufikisha lita bilioni 2 na nusu. Serikali ilitangaza zawadi ya faranga 300,000 kwa mtu atakayeleta dawa. Watu walijaribu kila njia. Wengine waliyafurika mashamba kwa maji, wengine walidunga sumu ardhini kama mtu apigwaye sindano, na wako hata waliozika chura hai chini ya shina.

Dawa ilipopatikana, wenye mashamba makubwa hawakuipenda. Ilionekana kwamba mizabibu ya mwituni ya Amerika haikufa kwa wadudu wale, kwa kuwa ilikuwa imekaa nao tangu zamani. Zabibu zake hazikuwa na ladha nzuri. Lakini mizizi yake ilistahimili. Basi shauri likawa hili: kata kijiti cha mzabibu wa Ufaransa, ukipandikize juu ya mzizi wa Amerika.

Jambo hili si geni kwetu. Ukienda Murang'a utaona mche wa avokado ya kienyeji ukikatwa, na kijiti cha aina ya Hass kikifungwa juu yake. Mti ukikua huzaa Hass, lakini huishi kwa nguvu za mzizi wa kienyeji. Ndugu zetu wa Makueni hufanya vivyo hivyo kwa maembe. Kijiti hakipotezi aina yake. Hupata uhai ambao hakikuwa nao.

Lakini wenye mashamba mashuhuri waliona hiyo ni aibu. Wangewezaje kuushusha mzabibu wa heshima juu ya mzizi wa porini? Huko Burgundy kupandikiza kulikatazwa kwa amri hadi mwaka 1887. Na hata wengine walipokubali, shamba la Romanée-Conti lilikataa. Kwa miaka mingi mizizi yake ya kale ilihifadhiwa kwa sumu iliyodungwa ardhini. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Dawa ikawa adimu, wafanyakazi wakawa wachache, na mizabibu ikadhoofika. Mavuno ya mwaka 1945 yalikuwa chupa 600 tu. Baada ya mavuno hayo mizabibu yote iling'olewa. Mwaka 1947 ilipandwa mipya, zabibu za aina ile ile, lakini safari hii juu ya mizizi ya Amerika. Kuanzia mwaka 1946 hadi 1951 haikutoka chupa hata moja yenye jina la shamba hilo. Divai ilirudi mwaka 1952.

Ile chupa ya New York ilikuwa ya mavuno ya 1945, mavuno ya mwisho ya mizizi ya kale. Watu walitoa mamilioni kwa ajili ya ukumbusho wa mzizi uliokwisha kufa. Shamba lenyewe laishi mpaka leo kwa mzizi uliodharauliwa.

Wapendwa, katika habari hizi nataka tushike mambo matatu.

Jambo la kwanza: ubaya wetu uko mzizini, na majani mabichi si ushahidi wa uzima. Yuko mtu aliyebatizwa utotoni, akapata kipaimara, ana kitabu cha nyimbo na kiti chake kanisani. Babu yake alikuwa mwinjilisti. Jina la ukoo wake laheshimiwa. Lakini chini, mahali pasipoonekana, kuna chuki dhidi ya ndugu, au fedha za kikundi zilizotumika kwa siri, au nyumba ya pili ambayo mkewe haijui. Tusiwatazame walevi wa kando ya mto tukasema ugonjwa uko kwao tu. Planchon aliukuta ugonjwa chini ya mti wa kijani. Sifa ya shamba haikumfukuza mdudu hata mmoja, wala jina la babu halitamwokoa mtu siku ile.

Jambo la pili: Mungu ametupa uzima katika mzizi tuliougeuzia uso. Nabii Isaya, katika mlango wa 53, alimwona Mtumishi wa Bwana akitokea kama mzizi katika nchi kavu, asiye na uzuri wa kututamanisha, mtu aliyedharauliwa. Nathanaeli naye alishangaa kama kitu chema chaweza kutoka Nazareti. Hivyo ndivyo alivyokuja Bwana wetu: mwana wa seremala, aliyekula na watoza ushuru, akauawa nje ya mji kati ya wahalifu. Wakuu waliona haya kuungamanishwa naye. Lakini yeye peke yake aliyastahimili mauti, na mauti hayakumshinda. Ndiyo maana anajiita mzabibu wa kweli na kutuita sisi matawi, akisema kwamba mbali naye hatuwezi kuzaa lolote. Hatuhitaji dawa ya kuuhifadhi utu wetu wa kale miaka michache zaidi. Twahitaji kukatwa na kuunganishwa naye.

Na kisu chauma. Mtu asikudanganye kwamba kupandikizwa ni maneno matamu. Kijiti hukatwa kwanza, na mzizi nao hukatwa ufunguke, ndipo jeraha liwekwe juu ya jeraha na kufungwa. Kristo alijeruhiwa ili jeraha lako lipate mahali pa kushikamana.

Jambo la tatu ni la wale wenye kuvunjika moyo. Katika mtaa wetu yuko ndugu mmoja ambaye kwa miaka mingi mshahara wake uliisha siku ile ile aliyolipwa. Mkewe alikuwa akimngojea langoni mwa kiwanda kila mwisho wa mwezi, ili apate fedha za unga kabla hazijafika kilabuni. Bwana alimshika ndugu huyo, na sasa ni mwaka wa pili hajagusa kileo. Siku moja baada ya ibada alinijia, akasema, "Pasta, Ushirika Mtakatifu ukianza mimi hutoka nje. Nakiogopa kikombe. Nikisikia harufu ile tu, mwili unakumbuka. Je, kutoka kwangu ni kumkana Bwana?"

Nilimjibu, "Ndugu yangu, usitoke. Njoo upige magoti pamoja nasi. Pokea mkate. Kikombe kikikufikia, kunja mikono yako kifuani, nami nitapita. Kristo hagawanyiki, aupokeaye mkate kwa imani amempokea yeye mzima." Ni kweli kwamba Kanuni ya 30 katika zile Kanuni 39 za kanisa letu inakataza walei kunyimwa kikombe cha Bwana. Lakini kanuni hiyo iliwekwa ili mshiriki asinyimwe haki yake. Haikuwekwa ili aliye dhaifu alazimishwe. Na ninyi mlio imara, mkimwona mtu amekunja mikono mezani pa Bwana, msinong'one. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kwamba ni vyema kujinyima divai kuliko kumkwaza ndugu. Tangu siku ile ndugu huyo hupiga magoti karibu na mkewe.

Mke wake naye ana mzigo wake. Aliniambia, "Nimemsamehe, lakini bado nahesabu fedha mara mbili." Mama huyo si mtu wa imani haba. Kumbukeni miaka ile 6 ambayo shamba la Romanée-Conti halikutoa hata chupa moja. Mizizi mipya ilikuwa imeshika, uhai ulikuwamo, lakini ilibidi kungoja. Wewe uliyeacha kileo, usikasirike kwamba nyumba yako haijakuamini kwa wiki moja. Leta mshahara nyumbani mwezi huu, na mwezi ujao, na ule utakaofuata. Na wewe uliyeumizwa, usiung'oe mche kila asubuhi utazame kama umeshika. Mpe Mkulima nafasi. Yeye ndiye apogoaye, naye hana haraka.

Nimalizie na bei. Wako watu wawezao kulipa shilingi milioni 55 kwa bilauri sita za divai, na zikisha kunywewa, fedha na divai zimekwenda pamoja. Jumapili, katika makanisa yetu ya mabati na ya mawe, kutakuwa na kikombe kimoja chenye divai isiyo na jina. Watakinywea mlinzi wa usiku, muuza sukuma wiki, mwalimu na mwanafunzi. Hakuna tajiri wa New York awezaye kukinunua kwa mnada, kwa kuwa kimekwisha kulipiwa, na bei yake ilikuwa uhai wa Mwana wa Mungu. Ukija utakipokea bure. Na kama huwezi kukigusa, yeye aliyekilipia yupo pale pale mkononi mwako, katika mkate.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, uliye mzizi uliotokea katika nchi kavu, utuchunguze mahali pasipoonekana na watu. Utukate na utuunganishe nawe. Wakumbuke waliofungwa na kileo katika mitaa yetu, na wake zao na watoto wao wanaongoja. Uwape uvumilivu mpaka siku ya mavuno. Kwa jina lako takatifu. Amina.