Usiuze Kiwanja kwa Picha ya Ubongo

Juma lililopita nilipata barua kutoka kwa dada mmoja wa Magomeni. Anasema mdogo wake wa kiume, kijana wa miaka 24, anaugua mwaka wa tatu sasa. Anasikia sauti za watu wasiokuwepo, halali usiku, na chuo alikwisha kiacha. Hospitali waliwaambia ni skizofrenia, wakampa dawa. Sauti zikapungua, lakini mikono ikaanza kutetemeka na mate yakawa yanamtoka, basi nyumbani wakazikatisha dawa zile. Sasa wamekaa kikao cha ukoo. Mjomba mmoja amekuja na habari kwamba huko India ipo mashine inayopiga picha ubongo na kuonyesha mahali ugonjwa wa akili ulipokaa. Wanataka kuuza kiwanja alichoacha marehemu baba yao ili kijana apelekwe. Dada anauliza, "Je, mashine hiyo ipo kweli, au tunadanganywa?"

Dada yangu, mashine ipo. Kama itakuonyesha hicho mnachokitaka, hilo ni jambo jingine. Ili nikujibu vizuri, niruhusu nikusimulie habari za daktari mmoja wa Marekani, Henry Wagner, aliyezaliwa Baltimore mwaka 1927 na kufariki mwaka 2012.

Wagner alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini humohumo, na humo ndimo alimofanya karibu kazi yake yote. Fani yake ilikuwa tiba ya nyuklia. Jina hilo huwatisha watu, wakakumbuka Hiroshima. Lakini jambo lenyewe si la kutisha hivyo. Katika eksirei ya kawaida, mionzi hutoka kwenye mashine ikapita mwilini. Katika tiba ya nyuklia mgonjwa hupewa dawa kidogo sana yenye mionzi, na mionzi hutoka ndani yake mwenyewe ikaja nje kwenye mashine. Tofauti ni kubwa kuliko inavyosikika. Eksirei huonyesha umbo la kiungo, kama mtu anayetazama nyumba kutoka barabarani. Hii ya pili huonyesha kiungo kinafanya kazi gani, nani anaingia ndani na nani kazuiliwa mlangoni.

Kazi yake moja ilihusu mapafu. Damu ikiganda mguuni huweza kung'oka, ikasafiri hadi mapafuni, ikaziba mshipa, na mtu akafa ghafla huku jamaa wakisema amerogwa. Mnamo mwaka 1964 Wagner na wenzake walitangaza njia ya kuliona tatizo hilo. Walitumia chembe ndogo za protini zilizotiwa mionzi, wakazipitisha kwenye damu. Chembe zilinasa katika vijishipa vya mapafu popote damu ilipofika. Pale damu ilipozibwa, picha ilikuwa na pengo. Daktari aliliona pengo kwa macho yake, akajua la kufanya.

Mtu mwingine angetosheka hapo. Wagner alitaka kuona kichwani.

Ubongo una vitu ambavyo wataalamu huviita vipokezi. Fikiria kufuli na funguo. Seli moja hutoa kemikali, ambayo ndiyo ufunguo, na seli ya jirani ina kufuli linaloupokea. Kemikali moja maarufu huitwa dopamini. Mwendo wetu, hamu yetu ya mambo, hata furaha yetu, vyote vina uhusiano nayo. Kwa miaka mingi vipokezi hivyo vilichunguzwa katika vipande vya ubongo wa wanyama au wa watu waliokwisha kufa. Katika mtu aliye hai, anayepumua na kuwaza, hakuna aliyekuwa ameviona.

Kazi haikuwa nyepesi. Walihitaji dawa inayokwenda moja kwa moja kwenye kufuli la dopamini, wakachagua moja iliyo ndugu wa dawa za wagonjwa wa akili. Kisha ilibidi waifungie atomu ya kaboni yenye mionzi, iitwayo kaboni-11. Kaboni hiyo haingoji mtu: kila dakika 20 nusu yake hupotea. Huwezi kuiagiza ikaja kwa meli. Inatengenezwa kwa mtambo mkubwa uitwao saiklotroni, mkemia anaikimbiza maabara, anaichanganya, anaisafisha, na mgonjwa awe amekwisha lala kitandani akiisubiri. Mwilini atomu hiyo hutoa chembe iitwayo positroni, ambayo ikikutana na elektroni vyote viwili hupotea, na mahali pake hutoka miali miwili ya gama inayokwenda pande mbili zinazopingana. Mashine yenye umbo la pete huidaka miali hiyo, na kompyuta hukokotoa ilikotoka. Hiyo ndiyo PET, dada yangu, mashine ya mjomba wako.

Walimjaribu nyani kwanza. Baada ya nyani, nani? Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwezi Mei mwaka 1983, Wagner, mkuu wa idara, akiwa na umri wa miaka 56, alilala mwenyewe kwenye mashine akachomwa sindano ile. (Mimi naogopa hata ya malaria.) Picha ilitoka na mabaka mawili yanayong'aa, moja kila upande, chini kabisa katikati ya ubongo, mahali penye vipokezi vingi vya dopamini. Mwaka huohuo matokeo yalichapishwa katika jarida la Science. Hata hivyo asingefika popote peke yake: walikuwepo wakemia, wahandisi na wataalamu wa vipokezi.

Hapo sasa ndipo penye jibu lako. Mwaka 1984 kundi hilo lilionyesha kwamba vipokezi hivi hupungua kadiri umri unavyokwenda. Mwaka 1986 likatangaza jambo zito zaidi: kwamba wagonjwa wa skizofrenia ambao hawajawahi kutumia dawa wana vipokezi vya dopamini vingi kuliko watu wazima wa afya. Unaweza kufikiri shangwe iliyokuwepo. Ugonjwa umeonekana! Lakini huko Stockholm, katika taasisi ya Karolinska, Lars Farde na wenzake nao walipiga picha wagonjwa wasiowahi kutumia dawa, kwa kemikali nyingine, na kufikia mwaka 1990 walisema wao hawaoni tofauti hiyo. Wakubwa wawili, mashine za aina moja, majibu mawili. Utafiti uliofuata umeonyesha kwamba dopamini kweli inahusika, hasa katika namna ubongo unavyoitengeneza, lakini tofauti hiyo ni ya wastani wa makundi. Chukua wagonjwa wengi na wazima wengi, utaiona. Chukua kijana mmoja, picha yake inaweza kufanana kabisa na ya jirani yake asiye na ugonjwa.

Kwa hiyo hadi leo daktari hautambui ugonjwa huu kwa PET. Anautambua kwa kukaa na mgonjwa, kumsikiliza, na kuwauliza ninyi mnaoishi naye. Anaweza kuomba picha ya aina nyingine ili kuhakikisha hakuna uvimbe kichwani, na hilo ni jambo la busara akilitaka yeye. PET yenyewe hutumika zaidi kwa wagonjwa wa saratani, na wala si lazima kwenda India, Nairobi zipo. Lakini kumvusha mdogo wako bahari ili sauti zake zionekane kwenye filamu, huko ni kununua kitu kisichouzwa.

Usije ukadhani kazi ya Wagner ilikuwa bure, maana inamhusu mdogo wako kwa njia ambayo mjomba hakuitaja. Dawa alizopewa kijana hufanya kazi kwa kuziba yale makufuli ya dopamini. Zamani madaktari wengi waliamini kwamba dawa ikizidi, nafuu nayo itazidi. Farde na wengine walipoipiga picha dawa ikiwa kazini, waliona kwamba nafuu huja zikizibwa kama asilimia 65 za vipokezi hivyo. Zikipita takriban asilimia 80, nafuu haiongezeki sana, bali mwili ndio unaoanza kukakamaa na mikono kutetemeka. Ubongo ulionyimwa dopamini kupita kiasi hutetemeka, kama wa mzee mwenye ugonjwa wa Parkinson.

Umeiona mikono ya mdogo wako hapo? Kutetemeka kule na yale mate hakukuwa dalili kwamba hospitali walikosea ugonjwa, wala kwamba kuna mkono wa mtu. Mara nyingi ni dalili kwamba kipimo ni kikubwa kwake, au dawa ya aina ile haimfai na zipo nyingine. Hayo hurekebishwa na daktari kwa kalamu na karatasi. Kuzikatisha ghafla nyumbani, bila kumwambia mtu, ndiko kulikozirudisha sauti.

Mrudishe kliniki Jumatatu. Nenda naye wewe mwenyewe, umwambie daktari ukweli wote, pamoja na siku mlipoacha dawa na kwa nini. Atakukaripia kidogo, vumilia. Muulize juu ya kupunguza kipimo, muulize juu ya dawa nyingine. Hati ya kiwanja irudi sandukuni kwa mama. Na mjomba akija tena, mwambie nimesema mashine yake ipo kweli, hakudanganya. Nasubiri barua yako ya pili, nijue daktari amesema nini.